Kisu, puto au sindano? Nani anafaa upasuaji wa kupunguza uzito akiwa Mwanza

Kwenye kliniki ya kisukari ninayohudumia hapa Mwanza, siku hizi haipiti wiki bila mtu kusubiri wenzake watoke, kisha akavuta kiti na kuuliza kwa sauti ya chini: "Sista, hivi na mimi naweza kufanyiwa ule upasuaji wa kupunguza uzito?" Wanaouliza hawafanani. Kuna mama mwenye sukari na presha, kuna binti anayekaribia kuolewa, kuna dereva wa lori ambaye magoti yamegoma. Wote wamesikia habari za hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wengine wamesikia za India, na karibu wote wanaamini kinachotakiwa ni kuwa mnene na kuwa na hela.

Naomba niwalinganishe hapa, mtu kwa mtu na njia kwa njia, kwa sababu jibu la mmoja halimfai mwenzake hata kama mzani unasoma sawasawa. Niseme mapema ninakosimama: kilo zinakupa haki ya kuuliza. Kinachoamua ni magonjwa uliyonayo, kilichomo ndani ya tumbo lako, na kama utaweza kufuatiliwa maisha yako yote ukiwa huku Kanda ya Ziwa.

Namba ya kuanzia

Vua viatu, toa simu na funguo mfukoni, fungua na ile kanga ya pili, ndipo upande kwenye mzani. Kisha simama ukutani upimwe urefu. Watu wengi wananitajia urefu wa kukisia, na huo ndio unaoharibu hesabu. Chukua urefu kwa mita, uzidishe kwa huohuo, halafu gawanya kilo zako kwa jibu hilo. Mtu wa sentimita 160 na kilo 92: 1.6 mara 1.6 ni 2.56, na 92 gawanya kwa 2.56 ni 35.9. Huo ndio uwiano wa uzito na urefu, ambao hospitalini utasikia ukiitwa BMI.

Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji walifuata mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991: uwe na 40 na kuendelea, au 35 pamoja na ugonjwa unaoletwa au kuzidishwa na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari hawa, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha kiwango. Sasa kuanzia 35 unaweza kupendekezewa upasuaji hata kama huna ugonjwa mwingine, na kati ya 30 na 34.9 unaweza kufikiriwa kama una kisukari cha aina ya pili. Waingereza wamebaki na 40, au 35 na ugonjwa, lakini wameweka jambo linalotugusa sisi: kwa mtu mwenye asili ya Afrika, viwango hivyo vinaweza kupunguzwa kwa 2.5, maana kisukari na magonjwa ya moyo hutuanza tukiwa na uzito mdogo kuliko Mzungu.

Kwa mtu wa sentimita 160, basi, 30 ni kama kilo 77, 35 ni kilo 90, na 40 ni kilo 102. Kwa mtu wa sentimita 170 ni kilo 87, 101 na 116.

Wawili wenye kilo 92

Weka mbele ya daktari wanawake wawili, wote sentimita 160, wote kilo 92. Kwa namba wote wana 35.9.

Wa kwanza ana miaka 44, anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kisukari amekijua miaka mitatu iliyopita. Anameza metformini na glibenklamidi, na kidonge cha presha juu yake. Usiku anakoroma mpaka pumzi zinakatika na watoto wanamwamsha. Amejitahidi: soda ameacha, anatembea, alipungua kilo sita zikarudi zote na nyingine juu.

Wa pili ana miaka 24, anasoma chuo, anakaa Nyegezi. Sukari yake nzuri, presha nzuri, ini halina shida. Anataka awe mwembamba kabla ya sendofu.

Mimi huyo mama ningemwandikia rufaa leo. Kisukari chake bado kichanga na hajaanza insulini, na hapo ndipo upasuaji unapofanya kazi kubwa. Utumbo ukishabadilishwa mpangilio, homoni zinazotoka kwenye utumbo hubadilika, na sukari mara nyingi huanza kushuka hata kabla kilo hazijapungua za kuonekana. Wapo wanaokaa miaka bila dawa ya sukari. Anayengoja mpaka afikishe miaka kumi na tano ya kisukari, kongosho limechoka na yuko kwenye insulini, bado anaweza kufaidika, ila nafasi ya kuachana na dawa inakuwa ndogo. Ndiyo maana naumia ninapomwona mtu wa namna hii anaambiwa "jaribu kwanza kupunguza kula" kwa mwaka wa tano mfululizo, kana kwamba hajajaribu.

Yule binti, kwa mwongozo wa 2022, naye hajakataliwa. Namba inamruhusu. Lakini kuna maswali ya kumuuliza kabla hajafikiriwa kisu. Je, uzito ulianza lini? Kama ulipanda baada ya kuanza sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, au prednisoloni ya pumu, au dawa fulani za magonjwa ya akili, basi dawa hiyo ijadiliwe kwanza na aliyeiandika. Tezi ya shingo imepimwa? Amewahi kufuatiliwa na afisa lishe kwa miezi kadhaa, au amekuwa akifunga kula siku tatu kisha anakata tamaa? Na kubwa kuliko yote: anataka mtoto lini? Baada ya upasuaji mwanamke anashauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, kwa sababu mwili unapungua kwa kasi na mtoto atakosa virutubisho. Anayeolewa Desemba na mkwe anasubiri mjukuu mwaka unaofuata, tarehe hizo hazikubaliani na upasuaji. Kwake ningeanza na njia nyingine, na mlango ubaki wazi.

Kuna na wa tatu ambaye haji mpaka aletwe: mwanaume, sentimita 174, kilo 128. Hesabu inampa 42.3. Anasema hana ugonjwa wowote, na anasema kweli kwa maana ya kwamba hajawahi kupima. Huyu anafaa kwa namba peke yake, lakini hakuna daktari makini atakayempeleka chumba cha upasuaji kabla ya kupima sukari, presha, moyo, figo, ini na jinsi anavyopumua usingizini. Mara nyingi vipimo hivyo ndivyo vinavyomwonyesha kwamba "sina ugonjwa" ilikuwa haijapimwa tu.

Halafu mtu wa sentimita 165 na kilo 86, yaani 31.6, mwenye sukari isiyoshuka kwa dawa tatu. Zamani angeambiwa hajafika. Sasa anaweza kuzungumza na daktari wa upasuaji. Mwenye 31.6 hiyohiyo bila ugonjwa wowote, upasuaji siyo wake.

Umri hauna ukuta. Kwa kawaida huduma hii ni ya kuanzia miaka 18, vijana wadogo hufanyiwa kwa nadra na kwa uangalizi maalumu, na mzee anatazamwa nguvu za mwili wake kuliko mwaka wa kuzaliwa.

Tumbo kubwa ambalo siyo mafuta

Hili linatuhusu watu wa ziwani kuliko mtu wa Arusha, na miongozo ya Ulaya hailitaji kwa uzito tunaohitaji sisi. Kichocho cha tumbo kipo pembezoni mwa ziwa hili: Ukerewe, Sengerema, Magu, visiwani, na kwa wavuvi na wanaochota maji na kufua ziwani. Kikikaa mwilini miaka mingi, mayai ya minyoo huacha makovu kwenye ini, bandama linavimba, na maji yanaweza kujaa tumboni. Mtu anaonekana ana kitambi, lakini ukimtazama vizuri mikono na miguu imekonda, mashavu yameingia ndani, na tumbo limekaza kwa nje.

Mtu huyo akipanda kwenye mzani, kilo zake zinadanganya. Kuna hatari nyingine pia. Mishipa ya damu inayozunguka koo la chakula na tumbo inakuwa imevimba kwa presha, na kukata tumbo la namna hiyo kunaweza kuleta damu isiyozuilika. Kwa hiyo kama umekulia mwambao, omba ultrasaundi ya ini na bandama, na umwambie daktari kama umewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Prazikwanteli huua minyoo, ila makovu yaliyokwisha kujijenga yanaweza kubaki, na yakiwa makubwa upasuaji huu haukufai.

Kwa kina mama, uvimbe wa kizazi nao hukuza tumbo. Ultrasaundi hiyohiyo itauonyesha.

Vidonda vya tumbo lazima vitafutwe kabla. Bakteria wanaoitwa helikobakta pailori wameenea sana kwetu, na hutibiwa kwanza. Wenye mimba hawafanyiwi. Mwenye saratani inayoendelea, mwenye ugonjwa wa akili usiotulizwa na aliyezama kwenye pombe husubiri mpaka hali itengemae. Kwa mnywaji silisemi hili kumhukumu: baada ya upasuaji pombe hupanda kichwani haraka zaidi kuliko zamani, na wapo wanaoingia kwenye ulevi ambao hawakuwa nao. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla na isirudiwe. Kuwa na virusi vya UKIMWI hakukuzuii, ilimradi unatumia dawa vizuri na kinga iko sawa.

Njia nyingine, tukimchukua mtu wa kilo 100

Chakula na mazoezi vikisimamiwa vizuri hupunguza kilo 5 hadi 10. Watu wanazidharau hizo, na wanakosea. Kilo 5 hadi 10 zinatosha kushusha presha na sukari kwa mtu ambaye hajazidiwa. Kwa mwenye BMI ya 45, hata hivyo, hazitamtosha, na kumwambia aongeze bidii tu ni kumchelewesha.

Sindano za kila wiki zimebadilisha mambo. Semaglutidi, kwenye utafiti uliotangazwa mwaka 2021, ilipunguza wastani wa karibu kilo 15 kwa kila 100 ndani ya wiki 68. Tirizepatidi, mwaka 2022, ilifika karibu kilo 21 kwa dozi ya juu. Hizo ni namba kubwa. Ila ukiacha sindano, njaa inarudi: waliosimamisha semaglutidi walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo piga hesabu ya gharama ya mwezi mara miaka, usihesabu ya chupa ya kwanza. Na tafadhali usinunue kwa mtu anayeuza kwenye simu na kuituma kwa basi. Dawa hii huhifadhiwa kwenye friji kabla ya kuanza kutumika, na hujui imekaa juani kiasi gani kutoka Dar.

Puto huingizwa tumboni kwa mdomo, bila kukata, linajazwa maji na kutolewa baada ya miezi sita hivi. Hupunguza kama kilo 10. Siku za mwanzo ni za kutapika na kichefuchefu. Aina nyingi hujazwa maji yenye rangi ya bluu, ili puto likipasuka mkojo ubadilike uwe wa bluu au kijani na uwahi hospitali. Kwa maoni yangu puto linamfaa mtu mwenye 30 hadi 35 anayetaka msukumo wa kuanzia, au mtu mzito sana anayetakiwa kupungua kidogo kwanza ili usingizi wa upasuaji uwe salama. Mwenye kisukari kikali na 40 asidhani limechukua nafasi ya upasuaji. Na aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula halimfai.

Upasuaji wenyewe hupunguza kilo 25 hadi 30 kwa kila 100, na sehemu kubwa ya upungufu huo hudumu miaka mingi kwa wengi, ingawa baadhi ya kilo hurudi.

Kupunguza tumbo, au kuchepusha chakula

Aina mbili ndizo utakazotajiwa zaidi, na zote hufanywa kwa matundu madogo.

Kwenye ya kwanza, yaani kupunguza tumbo (sleeve), karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula hukatwa na kutolewa, linabaki umbo jembamba kama ndizi. Utumbo hauguswi. Homoni ya njaa inapungua kwa kuwa sehemu kubwa ya tumbo inayoitengeneza imeondoka. Ni upasuaji mfupi zaidi, lakini ukishaondolewa hicho kipande hakirudishwi. Tatizo lake kubwa ni kiungulia. Kama sasa hivi unalala na mito miwili na omeprazoli iko chini ya mto, aina hii inaweza kukuzidishia, na mwambie daktari hivyo bila kupunguza maneno.

Kwenye ya pili, yaani kuchepusha chakula (bypass), daktari anatenga kifuko kidogo cha juu, kama vijiko viwili vya chakula, na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo wa chini. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Inapunguza kilo nyingi kidogo kuliko ya kwanza, inasaidia kiungulia, na kwa kisukari ndiyo ninayoona inapewa uzito. Gharama yake ni kwamba mwili hunyonya virutubisho vichache: chuma, kalsiamu, vitamini B12, vitamini D. Ukila vitu vitamu kwa pupa, chai yenye sukari nyingi au soda, moyo unakwenda mbio, jasho linakutoka, tumbo linaendesha. Na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaweza kukutoboa kidonda pale palipounganishwa. Fikiria mara ngapi mtu wa huku anaingia duka la dawa na kuomba "diklo" ya mgongo. Kama huwezi kuishi bila hizo dawa kwa sababu ya magoti au mgongo, sema kabla ya kuchagua.

Vidonge vya uzazi wa mpango navyo havitegemewi baada ya aina hii. Kitanzi, kijiti au sindano ni salama zaidi, na umuhimu wake ni mkubwa kwa sababu mwanamke aliyekuwa hashiki mimba kutokana na unene anaweza kushika ghafla kilo zikianza kupungua.

Kwa anayetumia dolutegravia, dawa ya virusi vya UKIMWI, kuna hili dogo la kushika: vidonge vya chuma na kalsiamu huizuia isifyonzwe. Meza dolutegravia saa mbili kabla ya hivyo, au saa sita baada yake.

Kama kiungulia hakikusumbui, huna kisukari kikali na una wasiwasi wa kupata vitamini kila mwezi, ya kwanza ndiyo ningeulizia. Kama sukari ndiyo adui yako mkuu na una uwezo wa kununua virutubisho na kupima damu bila kukosa, ningeulizia ya pili.

Utakatwa mbali, utaishi hapa

Anzia hospitali ya Sekou Toure au Bugando hapa Mwanza, upimwe na uandikiwe rufaa. Mloganzila, Dar es Salaam, ni hospitali ya umma inayotoa huduma ya puto na upasuaji huu. Wengine wanachagua Nairobi au India. Mimi nawalinganisha hao kwa swali moja kabla ya bei: nikirudi Mwanza nikaanza kutapika saa nane usiku, nani anajua kilichofanyika tumboni mwangu? Rudi na ripoti ya upasuaji mkononi, iliyotaja aina hasa, na nakala uipeleke kwa daktari wako wa hapa. Uliza pia kama bei uliyotajiwa ina vipimo, lishe ya kabla, virutubisho vya baadaye na safari za kurudi kukaguliwa. Muulize na wa bima yako kabla hujauza kiwanja.

Safari yenyewe ina hatari. Wiki za kwanza baada ya upasuaji damu inaweza kuganda miguuni na kipande kikaenda kwenye mapafu. Kukaa kwenye basi kutoka Dar hadi Mwanza kutwa nzima ukiwa na mshono mbichi ni jambo la kujadili na daktari aliyekupasua, siyo la kuamua stendi. Mpaka akuruhusu, kaa karibu na hospitali, na ukisafiri shuka utembee kila basi linaposimama.

Chakula, ziwa limetupendelea. Mwanzo ni vimiminika, kisha laini, kisha kigumu, kwa wiki kadhaa. Ukifika kwenye kigumu, sato wa kuchemsha ndiye rafiki yako: kipande cha ukubwa wa kucha, utafune mpaka kiwe uji, uweke kijiko chini, ungoje, ndipo kingine. Lengo ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na dagaa waliosagwa hufika huko na kalsiamu juu. Samaki hutangulia, ugali hufuata kama nafasi imebaki. Maji hayanywewi pamoja na chakula.

Dawa za sukari zipunguzwe na daktari tangu siku za upasuaji, hasa glibenklamidi na insulini. Yule mama wa Kirumba akiendelea na dozi yake ya zamani huku anakula vijiko vitatu, sukari itashuka mpaka azimie.

Na majirani watasema. Huku kwetu mtu akipungua kilo 25 kwa mwaka, wataanza kunong'ona kuwa ana ngoma. Mwambie mume au mke, mama mzazi na mtu mmoja wa sokoni kabla ya kufanyiwa, ili siku maneno yakianza usiwe peke yako. Nimeona watu wakijilazimisha kula ili wanenepe warudishe heshima, na hilo linauma kuliko mshono.

Kwenye hospitali zenye uzoefu vifo ni kama mmoja kwa wagonjwa 1,000 au pungufu, na mshono kuvuja hutokea kwa mmoja au wawili kati ya 100. Ndani ya wiki za kwanza ukipata homa, mapigo ya moyo kupita 120 ukiwa umekaa, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda begani, kushindwa kubakiza hata maji, mguu mmoja kuvimba, au kukosa pumzi, usingoje siku ya kliniki wala meli ya asubuhi kama uko kisiwani na kuna boti ya kukuvusha. Nenda idara ya dharura, na neno lako la kwanza kwa yeyote atakayekupokea liwe kwamba umefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, tarehe fulani, aina fulani, na ripoti hii hapa.